Mganga Hajigangi, Basi Nani Amgange?



Leo hakuna pishi wala habari za mapambo ya nyumba. Nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, na bora nilitoe.

Tulikuwa ukumbini kwa mavyaa wangu baada ya sala ya alasiri, tunachambua mchele wa shughuli. Akabisha hodi mhudumu wa afya ya jamii wa shehia yetu, mmoja wa wale wa kujitolea, mkoba begani na simu mkononi. Ni mwanamke mstaarabu, amenizidi miaka michache. Akaamkia wakubwa, akakaribishwa mkekani, akapewa maji. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, binti yako keshatimia miaka kumi. Mpeleke akapate chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi. Ni sindano moja tu, na hulipi kitu."

Sijajibu, mavyaa akaniwahi, macho yake bado kwenye ungo: "Na wako, mwanangu, keshapata?"

Mhudumu akanyamaza kidogo. "Wangu bado, bibi."

"Na wewe mwenyewe, ile ya korona ulichanja?"

"Sikuchanja, bibi."

Hapo kicheko kikapasuka. Jirani mmoja akapiga kofi gotini akasema, "Ndiyo maana wazee wakasema mganga hajigangi!" Wakazidi kucheka. Mhudumu akamaliza maji yake, akaaga kwa adabu zote, akatoka na jua lake. Jina la binti yangu hakulitaja tena.

Mimi sikucheka, wala msinisifu kwa hilo. Sikucheka kwa sababu karatasi kutoka shuleni, ile ya kumtaka mzazi atoe ruhusa, ilikuwa ndani ya mkoba wangu wiki ya tatu. Sikuwa nimekataa wala kukubali. Nilikuwa naikunja tu kila ninapoiona.

Tangu siku ile methali ile imekuwa ikinizunguka kichwani. Mganga hajigangi. Sisi tunaitumia kumcheka mtu, lakini ukiisikiliza vizuri ina swali ndani yake. Kama mganga hawezi kujiganga, basi nani amgange? Mhudumu huyu anapita nyumba hadi nyumba kuuliza hali za watu. Nani amewahi kupita nyumbani kwake kumuuliza yeye?

Basi nasema hivi, na atakayechukia anisamehe. Mhudumu wa afya anayetutaka tuchanje, awe yeye amechanjwa kwanza kila chanjo inayomhusu, na wanawe wawe wamechanjwa. Na pale ambapo hajachanjwa, lawama ya mwanzo iende kwa waliomtuma, waliompa maneno ya kuwaambia watu bila ya kumuuliza kama yeye mwenyewe ameyaamini. Lawama ya pili ni yetu sisi tuliokaa mkekani tukacheka. Yake ni ya tatu. Lakini ipo, na nitaitaja.

Mkono husema kuliko mdomo

Tuanze na hiyo yake.

Kwa nini nimdai mhudumu wa kujitolea jambo ambalo simdai karani wa ofisi? Kwa sababu ya pale anapofika. Daktari ananisubiri nyuma ya meza yake. Mhudumu anavua viatu mlangoni kwangu. Anajua nani ana mimba kabla mume hajajua, anajua mtoto gani hali vizuri, anajua nyumba gani haina choo. Hapa Zanzibar wapo zaidi ya elfu mbili chini ya mpango wa Jamii ni Afya, Unguja na Pemba, na wengi ni wanawake kama sisi. Mtu unayemfungulia mlango wa ndani umempa amana. Neno lake kwako lina uzito ambao tangazo la redio halina.

Na sisi wanawake tuna mizani yetu. Fundi wa nguo tunamtazama kwanza aliyovaa mwenyewe. Muuza samaki tunamtazama kapu lake la kupeleka nyumbani. Ndivyo tulivyo, na si vibaya kuwa hivyo. Mtu akiniambia jambo hili ni salama kwa mwanangu, dalili ya kwanza ninayoitafuta ni mwanawe yeye.

Mola wetu naye ametutahadharisha. Mwanzoni mwa Suratus-Saff wanakemewa walioamini ambao wanasema wasiyoyatenda, na makemeo yenyewe ni makali. Aya ile tunapenda kuwasomea wanasiasa. Dada mhudumu, inakuhusu na wewe. Na mimi mwandishi inanihusu, ndiyo maana karatasi ile nimeitaja hapo juu.

Nina kisa kimoja nakitaka kila mhudumu wa visiwa hivi akijue, maana kimetokea pwani hii hii yetu ya Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo. Katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, alikuwepo kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya muda katika kampeni ya kuchanja watu ndui. Alikuwa mtu wa chanjo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Alikuja kueleza baadaye kwamba aliogopa maumivu.

Mwezi wa Oktoba ikaja gari imebeba watoto wawili wenye ndui, dereva anauliza njia ya kambi ya kuwatenga wagonjwa. Ali akapanda kuwaonesha. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa, watu wakadhani ni malaria, kisha wakadhani tetekuwanga. Ilikuwa ndui. Watu 161 waliokutana naye ikabidi watafutwe na kufuatiliwa mmoja mmoja, na maelfu kwa maelfu ya watu wa mji ule wakachanjwa kwa haraka. Mungu akasalimisha, hakuna aliyeambukizwa na yeye, na mwenyewe akapona. Akabaki katika vitabu kuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Hebu fikirini. Dunia nzima ilikuwa inapigana na maradhi yale, na mlango wa mwisho yaliopitia ulikuwa mfanyakazi wa afya aliyejiruka mwenyewe.

Lakini kisa hakikuishia kwenye aibu. Miaka ilipopita, Ali akajitolea katika kampeni ya polio nchini mwake. Akawa anakwenda kwa wazee wanaokataa, anakaa nao, anawasimulia yaliyompata yeye mwenyewe kwa sababu ya kuikimbia sindano. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo ya polio. Mwenyezi Mungu amrehemu. Yule aliyejificha ndiye aliyekuja kuwa shahidi mzuri, kwa sababu alisema ukweli wa nafsi yake. Dada mhudumu, mlango huo uko wazi kwako pia. Hujachelewa.

Sasa lawama kwa waliomtuma

Nimesema lawama yake ni ya tatu. Nitaje sasa ya kwanza.

Siku mbili baada ya kicheko kile nilikwenda kwake. Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba ya ukumbi wetu. Tukakaa jikoni, akanipikia chai ya mchaichai, na nikamuuliza swali ambalo aliniambia hajaulizwa na mtu yeyote tangu aanze kazi hii: wewe unaogopa nini?

Akanambia mengi. Mtoto wake wa kwanza alipochomwa sindano za utotoni alipata homa kali usiku mzima, na mume akaapa hatoruhusu tena asiyoijua. Ya korona, alisikia mwanzoni mwa mwaka 2021 kiongozi wa nchi akizitilia shaka chanjo zile hadharani, na baada ya takriban nusu mwaka tu serikali ile ile ikaanza kuwahimiza watu wachanje. "Dada," akanambia, "mimi ndiye niliyekuwa nagonga milango. Watu wananiuliza, jana mlisema vile, leo mnasema hivi? Na mimi sina jibu, kwa sababu hakuna aliyenipa." Ya mabinti, alisikia kwamba inafunga kizazi. Alipotaka kuuliza katika mkutano akaona atadhaniwa mjinga au mkaidi, akanyamaza. Akatoka pale na idadi ya nyumba za kuzunguka.

Hilo ndilo linalonikera. Tumemfanya mwanamke huyu kuwa kipaza sauti. Kipaza sauti hakiulizwi kinaamini nini. Anatembea juani kwa posho ndogo, wala jina la kazi yenyewe halifichi kwamba ni ya kujitolea, kisha anadaiwa imani ambayo hakuna aliyekaa naye kuijenga. Wakubwa wakiona watu wa shehia hawajitokezi, wanasema jamii haina uelewa. Uelewa utoke wapi, ikiwa mwenye kuupeleka hajapewa?

Kiongozi akitaka watu wamfuate, hutangulia. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa visiwa hivi, alikunja mkono wa vazi lake mbele ya kamera akachomwa sindano ya korona. Ukipenda siasa zake au usipende, alifanya jambo sahihi, alitoa mkono wake hadharani. Utaratibu huo uliotumika juu, kwa nini usishuke hadi kwenye shehia? Kila chanjo mpya ikija, wahudumu wakalishwe kwanza, si saa moja ya kusomewa karatasi, bali muda wa kuuliza kila kitu bila ya kuonewa. Kisha wale inaowahusu wachanjwe wa kwanza, na wenye watoto wa umri husika wawalete. Baada ya hapo ndipo wagongee watu milango.

Na kuna moja inayowahusu wao hasa, homa ya ini aina ya B. Kirusi chake hupita kwa damu na majimaji ya mwili, na kinaweza kubaki hai nje ya mwili siku saba au zaidi. Shirika la Afya Duniani limependekeza watu wa kazi za afya wachanjwe. Watoto wa nchi hii wanaipata katika chanjo za utotoni tangu mwaka 2002, lakini mimi na wewe na mhudumu wetu tulizaliwa kabla ya hapo. Yeye ndiye anayeingia kwa mzazi aliyejifungua juzi. Kama wahudumu wa shehia yako wamepewa, alhamdulillah. Kama hawajapewa, tuwadaie. Ni aibu kumtuma mtu kulinda watoto wetu na yeye tumemwacha wazi.

Na ya pili, yetu sisi wenye kucheka

Sisi wa mkekani tuna visingizio vinne. Nimevisikia vyote, na kimoja nilikitumia mwenyewe.

Cha kwanza ni tawakkul. "Mimi namtegemea Mungu." Na sisi sote tunamtegemea. Lakini yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba aliambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge kisha ategemee. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia, alirudi na watu wake, na alipolaumiwa kwamba anakimbia kadari alieleza kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari nyingine ya Mungu. Kujikinga ni katika dini. Na tuambiane kweli: anayekwenda Hija hudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Saudia wameiwekea sharti. Mwaka 2022, mahujaji milioni moja waliporuhusiwa baada ya korona, sharti lilikuwa wawe wamechanjwa. Sijapata kumsikia bibi hata mmoja akiacha kwenda Makka kwa kuikataa sindano. Mkono unaokunjuliwa kwa ajili ya viza ya Hija ndio mkono huo huo. Kwa nini tawakkul iwe kituo cha afya cha mtaani tu?

Cha pili ni uhalali. "Wanatia vitu vya nguruwe." Hili ni swali la haki, na mhudumu hana budi aweze kulijibu bila ya kukasirika. Zipo chanjo zenye jelatini itokanayo na nguruwe, na zipo nyingi zisizo nayo. Na hata pale ilipopatikana, wanazuoni wameliangalia. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilichunguza chanjo ya surua na rubela iliyokuwa ikitumika kwao, likasema wazi kwamba imetumia kitu cha nguruwe katika utengenezaji wake, na likaruhusu itumike kwa dharura, kwa kuwa hakukuwa na mbadala na madhara ya maradhi yalikuwa makubwa. Hawakuficha wala hawakutisha watu. Tujifunze adabu hiyo. Muulize sheikh wako, muulize na muuguzi, kisha amua. Uvumi wa kwenye simu usiwe ndio mufti wako.

Cha tatu ndicho kilichonifanya niikunje ile karatasi: "Binti yangu ana haya zake, chanjo ya maradhi ya kujamiiana ya nini?" Naliandika hili kwa uso mkavu, maana hapa ni baina yetu wanawake. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi zinatokana na kirusi kiitwacho HPV, na kirusi hicho hupita katika kukutana mume na mke. Binti yangu akitaka Mungu ataolewa kwa halali. Atalala na mume wake kwa halali. Mume huyo huenda alioa kabla yake, huenda alikosea kabla ya kutubu, na kirusi hukaa mwilini miaka bila ya alama. Haya ya binti yangu haimkingi na yaliyopita ya mtu mwingine. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania, na kila mwaka inaondoka na maelfu. Nani kati yetu hana jina la mama, la shangazi au la jirani? Chanjo hutolewa kati ya miaka 9 na 14 kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla ya kirusi kukutana na mwili. Ukingojea ndoa umechelewa. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu.

Kuhusu kufunga kizazi: ndani yake hamna kirusi kizima, hai wala kilichokufa. Mna ganda lake tu, la kuufundisha mwili umtambue adui. Haigusi uzazi. Mkono utauma, homa ndogo inaweza kuja, wengine hupata kizunguzungu, ndiyo maana wanaambiwa wakae robo saa kabla ya kuondoka. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na ndani ya muda huo muuguzi yupo. Na wewe mama unayeogopa sindano ya bintiyo, ulipokuwa na mimba yake ulidungwa ya pepopunda. Ulizaa. Tena ukazaa mwengine.

Cha nne ni "mambo ya wazungu." Dada zangu, hili ndilo linalonichekesha kuliko yote. Mwaka 1717 mwanamke wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliandika barua kutoka Edirne katika dola ya Kiislamu ya Uturuki. Alieleza kwamba wako vikongwe wa kike wanaopita majumbani, wanawachanja watoto kwa usaha wa ndui uliowekwa ndani ya ganda la jozi, ili wasipate ndui mbaya. Yeye mwenyewe uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, na kaka yake alikufa nayo. Akamchanja mwanawe wa kiume huko huko Uturuki, na aliporudi London akamchanja binti yake mbele ya madaktari, kisha ndipo akawahimiza wenzake. Daktari Edward Jenner alikuja na chanjo yake mwaka 1796, karibu miaka themanini baadaye. Kwa hivyo wanawake wa kupita nyumba hadi nyumba na kinga mkononi walikuwepo katika nchi za Waislamu kabla ya wazungu kujifunza. Hata neno lenyewe ni letu. Kuchanja ni kuchanja, bibi zetu walikuwa wanachanja chale. Mhudumu wetu ni mrithi wa kazi ya zamani. Na angalieni mpangilio wa yule bibi: alitangulia mwanawe, maneno yakafuata.

Kinga ya jirani

Atasema mtu, asiyechanja anajidhuru mwenyewe, tumwache. Visiwa hivi vina jibu lake. Mapema mwaka 2009 baadhi ya vijiji na mitaa ya Unguja na Pemba ilipewa chanjo ya kipindupindu, ile ya kunywa. Takriban nusu ya waliokusudiwa ndio waliokamilisha dozi mbili. Watafiti waliofuatilia walikuta waliokunywa walipata kinga ya asilimia 79, na tena wakakuta kwamba hata wasiokunywa walipata nafuu pale ambapo majirani zao wengi wamekunywa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2012. Ni sisi hao, si watu wa mbali. Kinga ya jirani inakufunika na wewe. Basi na ukosefu wake unakufikia vile vile, na hakuna jirani anayeingia nyumba nyingi kuliko mhudumu wa afya.

Simtakii fimbo

Wapo watakaosema, basi asiyechanjwa afukuzwe. Sikubaliani nao. Sindano ya kulazimishwa haizai imani, huzaa uongo na kadi za kununua. Mtu ana haki na mwili wake. Lakini hana haki ya kunihimiza kwa jambo analolikimbia. Mhudumu ambaye bado ana shaka aseme kwa mkubwa wake: hili sijalielewa, nielewesheni. Wakati akisubiri, kazi zipo tele. Apime watoto uzito, awafuatilie wajawazito, afundishe kunawa mikono. Ujumbe wa chanjo abebe aliyeuamini. Hiyo si adhabu, ni kumwondolea mzigo wa kusema asilolitenda.

Na mkubwa wake asimjibu kwa ukali. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na aliyenyamazishwa hatoweza kumfundisha mwenziwe.

Sisi wa mkekani, mhudumu akija tena tumuulize lile swali la mavyaa wangu, maana lilikuwa swali zuri. Tatizo lilikuwa kicheko. Tuulize kwa adabu, na akisema "bado", tuseme: basi twende pamoja tukaulize.

Ndivyo nilivyofanya. Jumatatu tulikwenda kituoni sisi wawili na mabinti zetu wawili. Muuguzi akamjibu maswali yake yote, hata lile la homa ya mtoto wake wa kwanza, akamweleza kwamba homa ile baada ya sindano za utotoni ni jambo la kawaida na hupita. Binti yangu alichomwa, akalia kidogo, akataka ubuyu. Wa kwake hakuchomwa, baba yake bado hajaridhia, na hakutaka kumzunguka mume. Ameniambia atazungumza naye, na safari hii ana la kumwambia. Yeye mwenyewe ameandikisha jina lake kwa ajili ya homa ya ini.

Sijui mwisho wake. Namwombea. Lakini najua aliporudi njiani alitembea kama mtu aliyeulizwa hali.

Tuwaulize na wengine. Ya Rabbi, tuwafikishe kutenda tunayoyasema, uwahifadhi wanaotuhifadhia watoto wetu, na uwaponye wagonjwa wetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.